Kilo 13 kwa Wiki 7: Kisa cha Mwali Aliyekuwa na Njaa Ndani ya Mwili Mnene

Daftari lenyewe nimelishika mkononi. Kurasa za mbele ni za michango ya harusi: jina, ahadi, kilicholipwa. Ukiligeuza na kuanzia nyuma unakutana na safu nyingine, ya kalamu nyekundu: 84.0, 79.9, 78.0, 76.6, 75.5, 74.6, 74.0. Halafu 70.6. Hapo safu inakatika, kwa sababu asubuhi iliyofuata mwenye daftari alianguka bafuni.

Mimi ni afisa lishe mkoani Mtwara. Mwenye daftari ni binti wa miaka 26, jirani yangu, na kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yake. Jina silitaji, na baadhi ya mambo ya nyumbani kwao nimeyaacha. Nakiandika kwa sababu moja. Kwa wiki saba nzima alikuwa anakufa njaa mbele ya macho yetu na hakuna aliyemwona, nami nikiwa miongoni mwao, kwa kuwa muda wote huo alikuwa bado mnene.

Alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa korosho, nje kidogo ya mji. Msimu ukianza Oktoba kazi yake ni kusimama kwenye mizani tangu asubuhi, gunia linawekwa, anasoma, anaandika stakabadhi. Kabla wakulima hawajafika alikuwa anapanda yeye mwenyewe. Harusi ilipangwa mwishoni mwa Desemba, malipo ya minada yakiwa yameshaingia mifukoni na kila mtaa una turubai. Gauni lilishashonwa Dar es Salaam. Vipimo alivyompelekea fundi vilikuwa vya kiuno alichokitaka, si vya kiuno alichokuwa nacho.

Ratiba ya chakula aliipata kwenye kundi la wasapu, akalipa shilingi 45,000, akaletewa na pakiti ya majani ya chai ya "kusafisha tumbo". Nimeisoma. Asubuhi ni maji ya moto na limau pamoja na chai hiyo. Mchana mayai mawili ya kuchemsha na matango mawili. Jioni kipande cha papai na mchicha uliochemshwa bila mafuta. Nikapiga hesabu: mayai kama kalori 150, matango 90, papai 130, mchicha 30. Jumla 400. Mwanamke wa kilo 84, sentimita 160, mwenye kazi ya kusimama kiasi, anahitaji karibu kalori 2,000 kwa siku ili asipungue wala asiongezeke. Alikuwa anakula moja ya tano ya hiyo. Mlo wowote ulio chini ya kalori 800 kwa siku kitaalamu ni mlo wa kusimamiwa na daktari. Huu wake ulikuwa nusu ya hapo, na msimamizi wake alikuwa namba ya simu.

Turudi kwenye safu ya kalamu nyekundu. Wiki ya kwanza zilitoka kilo 4.1, na hizo ndizo zilizomfunga. Anasema alilia kwa furaha pale pale ghalani. Lakini karani wa korosho ndiye mtu ambaye ningetegemea azitilie shaka, maana kila mkulima wa huku anajua korosho iliyookotwa jana ina uzito gani, na ikianikwa siku mbili tatu juani inapungua uzito bila punje kuguswa. Ni maji yametoka. Mwili nao una akiba ya wanga kwenye ini na misuli, nusu kilo hivi, na kila gramu ya akiba hiyo imeshikana na gramu tatu au zaidi za maji. Ukiacha kula, sehemu kubwa ya akiba inaisha ndani ya siku chache na maji yake yanakwenda na mkojo. Ongeza kilichotolewa tumboni na chai. Mafuta yenyewe ni mkaidi: kilo moja ya mafuta ya mwilini ina karibu kalori 7,700, na hakuna njia ya kuchoma kilo nne za namna hiyo kwa wiki moja kwa kupunguza chakula tu.

Baada ya hapo namba zikawa ndogo kila wiki. 1.9, 1.4, 1.1, 0.9, 0.6. Yeye alizisoma kama uvivu wake. Alidhani anaiba chakula usingizini. Ukweli ni kwamba mwili ulikuwa umeshabana matumizi, na ulikuwa unakula nyama yake pamoja na mafuta. Ghalani wanunuzi hawaridhiki na uzito wa gunia, wanachota korosho na kuzikata waone punje ikoje ndani. Kwake hakuna aliyekata. Mizani ilisoma kilo, haikusema ni kilo za nini.

Dalili zilikuwepo, tena za wazi. Aliona baridi. Mtwara, Desemba, kaskazi inapuliza na watu wanalala barazani, yeye anajifunika khanga mbili na sweta. Akisimama ghafla macho yanaingia giza. Mdomo ulianza kunuka kama tunda lililooza. Siku zake za mwezi hazikuja Novemba, akashukuru Mungu kwamba angalau harusi haitazikuta. Usiku hakulala, alikuwa anatazama video za watu wanaopika pilau, moja baada ya nyingine mpaka alfajiri, na hakuwahi kuwa mtu wa kupenda jiko.

Hili la pilau lilinishtua kuliko yote, kwa sababu limeshaandikwa. Mwaka 1944 na 1945 huko Minnesota, Marekani, Ancel Keys na wenzake waliwachukua vijana 36 wa kiume waliojitolea, wenye afya, wakawapunguzia chakula kwa wiki 24 ili wajue namna ya kuwahudumia watu wa Ulaya waliokumbwa na njaa ya vita. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Mapigo ya moyo yalishuka, waliona baridi, walivimba miguu, walisononeka, na baadhi yao wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kama riwaya. Na hao walikuwa wanapewa karibu kalori 1,570 kwa siku, mara nne ya alizokuwa anakula jirani yangu.

Mimi nilikutana naye wiki ya tano, njiani kutoka sokoni. Nilimwambia, "Umependeza, mdogo wangu, umefanyaje?" Akacheka. Sikuuliza anakula nini. Mtu wa lishe, miaka yote hii kazini, nimeona shavu limeingia na nikatoa pongezi. Neno lile amenikumbusha mwenyewe wodini, bila kunilaumu. Aliniambia kwamba siku ile alikuwa amepanga kuacha, na sifa yangu ilimpa nguvu ya kuendelea.

Wiki ya saba mwenye kundi aliwatangazia "siku za maji". Siku sita, maji na limau tu, na chai mara mbili badala ya moja. Ile chai nilipoifungua na kuinusa niliitambua: sanamaki, jani ambalo bibi zetu wanalo kabatini kwa ajili ya mtu aliyefunga choo, kidogo, siku moja au mbili. Aliharisha siku zote sita. Kila anayeharisha anapoteza potasiamu, na potasiamu ndiyo inayouweka moyo kwenye mwendo wake. Kilo 3.4 zilizotoka wiki hiyo zilikuwa maji na chumvi zaidi ya kitu kingine chochote.

Alipoanguka, bibi yake mzaa mama ndiye aliyekuwa karibu. Huyu bibi ndiye aliyekuwa amejiandaa kumkalisha mwali ndani. Kwa desturi, mwali anapowekwa ndani kabla ya harusi hulishwa vizuri, husingwa, akitoka anawaka. Ugomvi wao ulikuwa huo tangu mwanzo: mjukuu anataka kukonda, bibi anataka anawiri. Sasa mjukuu amelala sakafuni, bibi akafanya kila alichokuwa amezuiwa kufanya. Uji wa ulezi uliotiwa sukari na karanga ya kusaga. Soda. Mchana wali wa nazi na changu wa mchuzi. Tende. Jioni tena wali. Na binti alikula, anasema alikula huku mikono inatetemeka. Kesho yake bado anaona kizunguzungu, wakampeleka zahanati moja ya karibu. Aliyempokea alimtazama akasema mwili huu hauna shida ya chakula, labda ni wasiwasi wa harusi, akamtundikia dripu mbili za glukosi kumpa nguvu.

Siku ya tatu miguu ilivimba mpaka kandambili hazikuingia. Kifua kilibana, moyo ulikuwa unaruka, mapaja yalikosa nguvu ya kupanda ngazi tatu za mlangoni. Uzito ulikuwa umepanda hadi 75.2. Karibu kilo tano kwa siku tatu, na zote ni maji.

Hapo ndipo alipofikishwa kwetu hospitalini. Potasiamu ilikuwa 2.3, wakati kawaida huanzia 3.5. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ilionyesha mapigo ya ziada yanayoingiliana na mapigo halali. Kipimo cha fosfeti, madini mengine ambayo misuli inayahitaji, hakikupatikana siku hiyo. Daktari wa zamu, kijana makini sana, aliuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa tangu zahanati: "Kabla ya uji wa bibi, mara ya mwisho kula chakula cha kawaida ilikuwa lini?" Binti akasema, wiki saba. Daktari akaamuru dripu ya glukosi ya zahanati iondolewe palepale.

Nieleze kilichotokea mwilini, maana hata wahudumu wengi hawakijui. Mtu akikaa na njaa muda mrefu, mwili unapunguza kutumia sukari na kuanza kuishi zaidi kwa mafuta. Insulini inashuka. Potasiamu, fosfeti na magnesiamu zinaondoka kidogo kidogo kutoka ndani ya seli, na akiba ya vitamini B1, ambayo hata kwa mtu mzima wa afya ni ya wiki chache tu, inakauka. Damu inaweza kupimwa na ikaonekana nafuu, kwa sababu kilichobaki kimegawanywa kwa ubahili. Sasa mletee mtu huyo sahani ya wali na soda. Kongosho linamwaga insulini, insulini inaisukuma sukari ndani ya seli, na sukari haiingii peke yake, inavuta potasiamu, fosfeti na magnesiamu pamoja nayo. Kwenye damu zinaporomoka ndani ya saa au siku chache. Moyo unakosa potasiamu, misuli ya kupumulia inakosa fosfeti, ubongo unakosa B1 ya kuitumia hiyo sukari. Insulini hiyohiyo inaziambia figo zishike chumvi, na maji yanajaa miguuni. Ndiyo maana hatari kubwa kabisa ya njaa inaweza kuja siku mtu anapokula.

Hili nalo si geni. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, wanajeshi wa Kijapani waliokamatwa Ufilipino wakiwa wamekonda kwa njaa walipewa chakula, na baadhi yao wakafa baada ya kuanza kula. Na upande wa kujikondesha kwa hiari, Marekani mwaka 1976 na 1977 kulikuwa na wimbi la watu kuishi kwa vinywaji vya protini peke yake ili wapungue. Vifo karibu 60 viliripotiwa, na waliochunguzwa kwa kina wengi walikuwa wamekufa kwa mapigo ya moyo kuvurugika ghafla. Walianza wakiwa wanene. Unene haukuwakinga.

Wodini tulianza na vitamini B1, miligramu 300 kwa siku, kabla ya kitu kingine. Potasiamu ikaingizwa kwa dripu ya polepole, moyo ukitazamwa. Kazi ya chakula ilikuwa yangu, na ilikuwa ngumu kwa sababu ilinibidi niwakataze ndugu kumlisha mgonjwa anayelia njaa. Mwongozo kwa mtu aliye kwenye hatari kubwa ni kuanza na kalori zisizozidi 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kisha kupandisha ndani ya siku nne hadi saba. Kwake ilikuwa 700 siku ya kwanza, zikigawanywa mara sita: nusu kikombe cha maziwa, yai, kiazi kidogo, dagaa waliosagwa kwenye mboga. Maziwa na dagaa kwa ajili ya fosfeti. Bibi alikaa kwenye benchi akiangalia vijiko vile.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Dokta, mimi ndiye niliyemlisha. Uji ule nilitia sukari vijiko vinne kwa mkono wangu. Niambie, nimemfanya nini mtoto wa mwanangu?"

Nilikaa chini pale pale. Nilimwambia njaa ndiyo iliyomwangusha mjukuu wake, na kuona kwamba ni njaa hakukosea, alipatia kuliko wote. Kilichozidi ni wingi, na hakuna aliyemwonya, hata waliosomea.

"Kwa hiyo mwenye njaa asilishwe?"

"Alishwe, bibi. Kidogo, mara nyingi, na akiwa amekaa na njaa siku nyingi namna hii apimwe damu kwanza."

Akatikisa kichwa muda mrefu. Sina hakika kama lile neno lilimtosha.

Narudi kwenye swali la kwa nini hakuonekana. Kwa kilo 70.6 na sentimita 160, BMI yake, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ilikuwa 27.6. Kwenye chati yoyote ukutani hapo ni "uzito uliozidi". Vichwani mwetu njaa ina sura: mbavu, macho yaliyoingia ndani. Lakini kipimo cha hatari hiyo hakiishii kwenye wembamba. Mtu aliyepoteza zaidi ya asilimia 15 ya uzito wake ndani ya miezi michache, au aliyekula kidogo mno au asile kabisa kwa zaidi ya siku 10, yuko kwenye hatari kubwa hata kama shavu limejaa. Yeye alipoteza karibu asilimia 16 kwa wiki saba. Mwenzangu wa zahanati alitazama mwili, nami nilitazama mwili. Angeulizwa tu, "ulikuwa na kilo ngapi Oktoba?", daftari lingefunguliwa.

Nisisomeke kama ninayesema watu wasipungue. Kwa kilo 84 alikuwa na sababu, mama yake ana kisukari na presha. Hata milo ya kalori chache sana ina mahali pake. Utafiti wa Uingereza uliotolewa 2017 ulitumia mlo wa kalori 825 hadi 853 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano, kwa watu wenye kisukari cha ukubwani, na baada ya mwaka karibu nusu yao kisukari kilikuwa kimetulia bila dawa. Ila mlo ule ulitengenezwa ukiwa na protini, vitamini na madini yote, dawa zao zilisimamishwa na madaktari, na kurudi kwenye chakula cha kawaida kulipangwa wiki kwa wiki. Matango na sanamaki haviko hapo.

Angenijia Oktoba ningemwambia gauni lishonwe upya. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, basi, na kwa wiki saba hizo kilo nne au tano zingetoka bila kuugua. Ningeanzia kwenye sufuria ya kwao, ambako mafuta humiminwa kwa makadirio: kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kalori 120, na mchuzi wao huenda vijiko sita. Soda ya mchana ghalani, 140. Samaki achomwe badala ya kukaangwa, ugali upungue theluthi lakini usiondoke, kisamvu na mbaazi viongezeke, korosho zile anazotafuna kazini azihesabu kwa kiganja. Mtu anashiba kwa chakula hicho.

Alikaa wodini siku tisa. Potasiamu ilitulia siku ya nne, miguu ikanywea siku ya saba. Ndoa ilisogezwa hadi katikati ya Januari, na fundi wa hapa mjini aliongeza vipande viwili ubavuni mwa gauni, kazi safi, hujui mpaka uonyeshwe. Februari nywele zilianza kutoka, akinyoosha kitana zinakuja mafungu. Nilikuwa nimeshamwambia zitatoka, kwa sababu nywele hulipa deni la njaa baada ya miezi miwili au mitatu, na kwamba zitarudi. Machi ultrasaundi ilionyesha vijiwe vidogo kwenye mfuko wa nyongo. Kupungua haraka huifanya nyongo kuwa nzito, na mfuko usipoona mafuta ya chakula haujikamui. Havijamuuma mpaka sasa, tunavifuatilia. Siku zake zilirudi Aprili.

Msimu uliofuata alirudi kwenye mizani. Anapanda mara moja kwa mwezi, na kwenye daftari jipya safu haina kalamu nyekundu. Oktoba alikuwa na kilo 77.4, akila mara tatu.

Picha yake bado iko kwenye kundi lile. Alipigwa siku tatu kabla ya kuanguka, amesimama na futi ya fundi kiunoni, anacheka, na chini yake wameandika kilo alizopunguza na idadi ya wiki. Aliwaandikia waiondoe, akawaeleza alivyolazwa. Hawakujibu. Aliandika mara ya pili, wakamtoa yeye kwenye kundi, na picha ikabaki.